Ukumbi wa Roki na Kodi ya Pango

Huenda umewahi kupanga. Labda ulipanga chumba cha kulala mjini, au kibanda cha duka sokoni, au ekari mbili za jirani kwa msimu mmoja. Basi unalijua neno kodi. Unajua pia jinsi moyo unavyoshtuka mwenye mali anapobisha hodi siku ambayo si ya kodi na kusema, "Nina maneno kidogo."

Leo tutasoma habari za mpangaji mmoja wa mji wa New York, nchini Marekani. Jina lake Hilly Kristal. Alipanga ukumbi wa muziki kwa zaidi ya miaka 30. Ukumbi ule ulipata sifa dunia nzima. Vijana walisafiri kutoka nchi za mbali ili wauone tu mlango wake. Hata hivyo, mwaka 2006 ulifungwa kwa sababu ya kodi. Tutaona ilikuwaje.

MTAA WA BOWERY

Bowery ni barabara kubwa katika New York. Siku hizi nyumba zake ni za bei kubwa sana. Lakini miaka ya 1970 watu wenye fedha waliikwepa. Ilikuwa barabara ya walevi, na ya wanaume wasio na kazi wala makazi. Kulikuwa na nyumba za kulala za bei ndogo, ambako mtu alilipa kidogo akapata kitanda kwa usiku mmoja. Wengine walikosa hata hicho kidogo, wakalala barazani.

Mahali pa namna hiyo kodi huwa ndogo, maana wanaopataka ni wachache. Ndipo Hilly Kristal akapanga chumba kirefu chembamba, chini ya nyumba mojawapo ya hizo za kulala. Anwani yake ilikuwa namba 315, Bowery.

Kristal alizaliwa mwaka 1931. Alikulia shambani, katika jimbo la New Jersey. Alipenda kuimba, na aliwahi kuwa mwimbaji katika ukumbi mkubwa wa New York. Aliwahi pia kuwa msimamizi wa klabu ya muziki wa jazi. Kwa hiyo hakuwa mgeni katika kazi hii. Mwezi wa Desemba 1973 aliipa klabu yake jina la CBGB. Tamka: si-bi-ji-bi. Herufi hizo zinasimama badala ya majina ya aina tatu za muziki wa Marekani, yaani kantri, blugrasi na bluzi. Kantri na blugrasi ni nyimbo za watu wa mashamba na milima. Bluzi ni nyimbo za huzuni za watu weusi wa Marekani. Kristal alidhani kwamba muziki wa aina hizo ndio ungemletea wateja.

Mambo hayakwenda hivyo. Wapigaji wa kantri hawakuja Bowery. Waliokuja ni vijana wenye nywele ndefu na magitaa ya umeme, ambao hapakuwa na mtu mwingine aliyewataka.

BENDI ZILIZOKOSA MAHALI

Muziki wao ni ule unaoitwa roki. Roki hupigwa kwa magitaa ya umeme, besi na ngoma, kwa sauti kubwa. Tangu miaka ya 1950 roki imependwa sana na vijana wa Ulaya na Marekani.

Lakini ukiwa na bendi changa, utapiga wapi? Wenye baa nyingi za New York wakati ule walitaka bendi zipige nyimbo ambazo wateja wanazijua tayari kutoka redioni. Bendi yenye nyimbo zake yenyewe iliambiwa irudi nyumbani. Wewe mwenyewe fikiri: fundi wa cherehani anayekatazwa kushona mshono wake, akaambiwa aige ya mwenzake tu, atajulikana lini?

Kristal mwenyewe alisimulia mambo yalivyoanza. Siku moja alikuwa juu ya ngazi, anatengeneza turubai la mbele ya mlango. Vijana wakapita, wakamwuliza kama bendi yao inaweza kupiga pale. Bendi yao iliitwa Television. Walianza kupiga CBGB mwaka 1974. Baadaye Kristal akaweka sharti lililokuwa kinyume kabisa na la wenye baa wengine: bendi ipige nyimbo zake yenyewe. Malipo yalitoka katika viingilio vya mlangoni. Wakija watu wengi, bendi inapata. Wasipokuja, haipati kitu.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo wakaja vijana wanne walioitwa Ramones. Wote wanne walijiita Ramone, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, wala hawakuwa ndugu. Nyimbo zao zilikuwa fupi sana na za haraka. Nyingine hazikufika hata dakika mbili. Walikuwa wakiacha kupiga katikati na kugombana jukwaani juu ya wimbo gani ufuate. Kristal aliwaambia kwamba hakuna mtu atakayewapenda, kisha akawaambia warudi tena. Mimi naona maneno hayo mawili yanamweleza mtu huyu vizuri. Hakuwa na uhakika na muziki wenyewe, lakini mlango hakuufunga.

Wengine wakafuata. Alikuja mshairi aitwaye Patti Smith, aliyeimba mashairi yake juu ya magitaa. Zikaja bendi za Blondie na Talking Heads. Kati ya bendi hizi, nyingi zilikuja kuuza sahani za santuri kwa maelfu na maelfu. Aina mpya ya roki ikapata jina, ikaitwa panki.

Usidhani kwamba ukumbi wenyewe ulikuwa mzuri. Ulikuwa na giza. Uliweza kuingiza watu wapatao 300 tu, tena kwa kubanana. Kuta zilijaa mabango na maandishi juu ya maandishi. Kristal alikuwa na mbwa, na mbwa huyo alizurura ndani na kuacha mavi sakafuni. Vyoo vyake ndivyo vilivyosemwa kuliko vitu vyote. Havikuwa na faragha, na uchafu wake ulijulikana hata kwa watu ambao hawajafika Marekani. Bwana afya wa wilaya yako asingeruhusu. Lakini vyombo vya kupaza sauti vilikuwa vizuri, na wanamuziki waliona kwamba wakipiga pale wanasikika vizuri.

KWA NINI KODI HUPANDA

Sasa tuje kwenye kodi.

Jengo linaweza kukaa vile vile miaka 30. Matofali yale yale, paa lile lile, na choo kile kile kibovu. Lakini kodi yake inapanda. Kwa nini? Kwa sababu anayelipa kodi halipii matofali tu. Analipia mahali. Mahali pakipendwa na wengi, wanaotaka kupanga huongezeka, na mwenye nyumba anaweza kutaja bei kubwa zaidi.

Pale Bowery mambo yalikwenda polepole. Kwanza walikuja wasanii, kwa sababu ya kodi ndogo. Kisha wakaja watu waliotaka kuwa karibu na wasanii. Halafu migahawa, halafu maduka, mwishowe matajiri na maghorofa yao mapya. Miaka ya 2000 barabara ile ilikuwa imebadilika sana. Mwaka 2003 serikali ya mji iliipa pembe moja ya barabara, karibu na klabu ile, jina la Joey Ramone, mwimbaji wa Ramones aliyekuwa amefariki mwaka 2001. Basi ona: klabu ilisaidia kuupa mtaa jina, na jina la mtaa likasaidia kupandisha kodi ya klabu.

MWENYE NYUMBA ALIKUWA NANI

Pengine umekwisha kumchora kichwani mwenye nyumba wa Kristal. Unamwona bwana mnene, ana sigara kubwa na gari jeusi. Mfute.

Mwenye nyumba alikuwa chama cha kusaidia maskini. Kinaitwa Kamati ya Wakazi wa Bowery. Kazi yake ni kuwasaidia watu wasio na makazi. Kamati ililipanga jengo zima kwa mkataba wa muda mrefu, ikawaweka watu wake ghorofani, na chumba cha chini ikampangisha Kristal. Kwa hiyo kila usiku chini kulikuwa na magitaa, na juu kulikuwa na watu waliookotwa barabarani wakitafuta usingizi.

Kamati ilisema hivi: Fedha zetu ni za watu wasio na makazi. Klabu ni biashara. Tena ni biashara yenye jina, inauza fulana zenye herufi zake dunia nzima. Kwa nini watu maskini wabebe mzigo wa biashara ya mtu?

Kristal naye alisema hivi: Nimekaa hapa tangu siku ambazo hakuna aliyepataka. Nimelipa kodi mliyonitajia. Mkiipandisha kupita kiasi, mtaua kitu ambacho hakiwezi kujengwa tena.

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ndiye mwamuzi, ungesemaje? Mimi nimefikiri sana, na siwezi kuiita Kamati dhalimu. Fulana ziliuzwa kweli, na watu wa ghorofani walikuwa wahitaji kweli. Wala siwezi kusema kwamba Kristal alikuwa mpangaji asiye na dosari. Lakini ni hasara pia pande mbili zenye haki zinaposhindwa kukaa chini mapema.

KESI

Mwaka 2005 klabu ilikuwa ikilipa kodi ipatayo dola 20,000 kwa mwezi. Kamati ikadai kwamba kuna malimbikizo. Malimbikizo ni deni lililojikusanya kidogo kidogo. Kwa hesabu ya Kamati, kodi ilipaswa kuongezeka mwaka hadi mwaka, na klabu haikulipa nyongeza hizo. Jumla ilikuwa dola 91,000.

Kristal akakataa. Alisema hakuletewa hati ya kumdai nyongeza hizo. Alilipa kodi aliyoijua, na Kamati ikaipokea. Shauri likaenda mahakamani.

Watu wengi walisimama upande wa klabu. Wanamuziki walifanya maonyesho ya kuitetea. Meya wa New York wa wakati ule, Michael Bloomberg, alisema angependa ibaki. Mwezi wa Agosti 2005 hakimu akatoa uamuzi: Kamati ilipokea kodi miaka yote bila kudai nyongeza kwa njia iliyo sawa. Kwa hiyo haiwezi kumfukuza mpangaji kwa sababu ya deni hilo.

Kristal akashinda. Watu wakashangilia.

Hapa soma polepole, maana hapa ndipo penye fundo. Mkataba wa pango wa klabu ulikuwa na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ilikuwa 31 Agosti 2005, yaani majuma machache tu baada ya ushindi ule.

Tuchukue mfano wa shamba. Umekodi ekari mbili za jirani kwa misimu mitatu. Mmeandikiana. Msimu wa tatu jirani anakuja na kusema, "Kodi ya mwaka jana hukumaliza, ondoka." Mnakwenda barazani. Wazee wanasoma karatasi, wanasikiliza mashahidi, wanasema hudaiwi kitu. Umeshinda. Lakini je, wazee wamekupa msimu wa nne? Hapana. Karatasi inasema misimu mitatu. Msimu wa tatu ukiisha, jirani anaweza kutaja kodi mpya, au kulima mwenyewe, au kumpa mtu mwingine. Kushinda kesi ya kodi ya nyuma hakukupi haki ya kukaa mbele.

Ndivyo ilivyokuwa kwa klabu. Hakimu alimaliza habari za deni. Mkataba mpya ulihitaji kibali cha Kamati, na Kamati haikutaka tena. Wakati wa mazungumzo ilitajwa kodi mpya iliyokaribia mara mbili ya ile ya zamani. Hawakupatana. Siku yenyewe ya mwisho wa mkataba, tarehe 31 Agosti, wanamuziki walikusanyika katika bustani moja ya mji na kupiga muziki wa kuomba klabu iachwe. Muziki ulisikika, lakini tarehe ilipita.

Kristal hakutoka siku hiyo. Alikaa, Kamati ikataka kumtoa, mawakili wakaendelea kulipwa. Mwishoni mwa mwaka 2005 pande mbili zikapatana nje ya mahakama: klabu iendelee kwa muda, kisha itoke ifikapo Oktoba 2006. Yale mapatano yalileta amani, na pia yalimpa mpangaji miezi ya kuaga. Si kila mpangaji anayepata hata hiyo.

USIKU WA MWISHO

Tarehe 15 Oktoba 2006 ilikuwa Jumapili. Watu walipanga mstari nje, barabarani. Aliyeimba usiku ule ni Patti Smith, yule mshairi aliyefika pale akiwa kijana. Sasa alikuwa na miaka 59. Aliimba zaidi ya saa tatu. Mwishoni aliwasomea watu majina ya wanamuziki na marafiki waliokwisha kufariki. Yalikuwa mengi. Katika wale Ramones wanne wa kwanza, watatu walikuwa wamekwisha kufa.

Kristal alikuwapo, naye alikuwa mgonjwa. Alitaka kuihamishia klabu Las Vegas, mji mwingine wa Marekani ulio mbali sana na New York. Vitu vingine alivihifadhi kwa safari hiyo. Hakusafiri. Alifariki tarehe 28 Agosti 2007, kwa saratani ya mapafu. Alikuwa na miaka 75.

Mwaka 2008 mahali pale palifunguliwa duka la nguo za kiume, nguo za bei kubwa. Mwenye duka aliacha sehemu ya kuta na mabango yake ya zamani, ili wateja wayaone wakati wanajaribu makoti. Turubai la mlangoni, lile lenye herufi za CBGB, lilipelekwa katika jumba la makumbusho ya roki huko Cleveland. Mwaka 2013 eneo la Bowery liliandikwa katika orodha ya serikali ya Marekani ya mahali penye historia. Orodha hiyo ni heshima, lakini haipunguzi kodi ya mtu.

WALIOFANYA VINGINE

Muziki wa vijana wa Bowery ulikuwa umevuka bahari mapema. Mwezi wa Julai 1976 Ramones walipiga London, mji mkuu wa Uingereza, na vijana wengi wa huko waliopenda panki wakatiwa moyo. Miezi miwili baadaye bendi za panki za huko zilifanya tamasha katika klabu ya chini ya ardhi iitwayo 100 Club. Klabu hiyo ni ya zamani zaidi. Muziki umepigwa pale tangu mwaka 1942, wakati wa vita.

Mwaka 2010 nayo ikakaribia kufungwa, kwa sababu ya kodi na gharama nyingine zilizopanda. Wapenzi wake walichanga fedha. Mwimbaji mashuhuri Paul McCartney alikwenda kupiga pale mchana mmoja wa Desemba ili kuisaidia. Mwaka 2011 kampuni moja ya viatu ilikubali kutoa fedha, na klabu ikapona. Mwaka 2020 halmashauri ya mtaa wake iliisamehe ushuru wa majengo, kwa sababu ya faida yake kwa utamaduni wa mji. Ulikuwa msaada mkubwa. Lakini angalia, kwanza ilimtegemea mfadhili, kisha ikaitegemea halmashauri, na wote wawili wanaweza kubadili nia.

Wengine Uingereza wakafikiri habari ya kununua jengo lenyewe. Walianzisha chombo cha pamoja, na kila mtu akanunua hisa kwa kadiri ya uwezo wake. Jambo hili wewe unalijua kwa jina la ushirika. Zaidi ya watu elfu moja walitoa fedha zao. Mwaka 2023 wakanunua jengo la kwanza. Si la klabu yenye sifa. Ni la baa ndogo ya muziki iitwayo The Snug, katika mji mdogo wa Atherton, karibu na Manchester. Watu wachache sana hutosha mle ndani.

Baa ile bado inalipa kodi kama mpangaji yeyote. Tofauti ni kwamba sasa kodi hiyo inalipwa kwa wapenzi wa muziki wenyewe, nao ndio watakaoketi mezani siku mkataba utakapofika mwisho.